Mama Zabibu na Mvinyo wa Ulaya

Panga lilikuwa bado shingoni.

Msomaji, kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujamaliza ukurasa huu, shika haya machache twende. Hildegarda, yule ambaye Kilosa nzima inamwita Mama Zabibu, amepiga magoti kwenye baraza ya duka lake jipya la mvinyo pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Ni saa nne ya asubuhi, siku ya ufunguzi, mbele ya watu zaidi ya mia. Nyuma yake amesimama mama mmoja mrefu, mkavu, mwenye kitenge cheusi. Jina lake Coletha. Mkono wa kulia ameshika panga. Wa kushoto ameshika chupa iliyobaki nusu.

"Kunywa," Coletha alisema.

Hildegarda alibana midomo.

"Nimesema kunywa! Mwanangu Jovin alikunywa siku ya harusi yake. Asubuhi akaniuliza, 'Mama, mbona leo hakuchi?' Na jua lilikuwa limeshapanda juu ya nyumba. Siku ya tatu nikamzika na suti yake ya harusi. Miaka mitatu nimeitunza chupa hii uvunguni. Ni ya kwako. Nimekurudishia."

Watu walirudi nyuma. Wanaume wazima waliokuja kunywa vya bure walijificha nyuma ya wake zao. Ni Ziada peke yake, msimamizi wa duka hilo, aliyesogea hatua moja, mikono ameinua.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Coletha akaitikia, maana malezi ni malezi. Lakini panga halikusogea. Damu ilianza kuchirizika kwenye kola ya gauni la Hildegarda, gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo.

Mdomo wa chupa ukagonga meno yake. Harufu ikampanda puani, kali, kama ya mlango uliopakwa rangi jana.

Hapo ndipo Bonifas aliporuka.

Bonifas ni dereva wake, wa tangu duka la kwanza. Alitoka kwenye pikapu kama nyati aliyejeruhiwa, akaipiga ile chupa kwa mkono wake wote. Panga likageuka, likampasua kuanzia kiwiko hadi kifundo. Chupa iliruka, ikapinduka hewani, ikatua kwenye lundo la maranda yaliyotolewa kwenye makreti. Haikuvunjika. Bonifas, damu inamtiririka mpaka vidoleni, akainua buti aipondeponde.

"Acha!" Hildegarda alipiga ukelele. "Mtu yeyote asiiguse!"

Alitambaa kwa magoti, akaiokota, akaifuta karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa kiganja. Akaisoma. Akaisoma tena.

Ewe msomaji, karatasi hiyo ilikuwa na maneno mafupi tu: ZABIBU STOO. KILOSA, MIKUMI, ULAYA, ZOMBO, KISANGA.

Wakumbuka alivyopanda mama huyu. Mwaka 1987, ruksa ya biashara ilipotangazwa na sabuni ikarudi madukani, binti huyu wa manamba wa mkonge alifungua kibanda kimoja mbele ya stesheni ya Kilosa, akauza mvinyo wa Dodoma ulioshushwa na treni. Wakamcheka: nani Kilosa atakunywa waini? Wakanywa. Walimu wakanywa, makatekista wakanywa, madereva wa malori ya Zambia wakanywa wakabeba na za njiani. Miaka minne baadaye alikuwa na maduka manne, na la tano, la Kisanga, likiwa mbioni.

Ikaja harusi ya Ulaya. Ulaya yetu hii, si ile ya kupandia ndege. Watu sita walikufa, kumi na mmoja wakapofuka. Kwa siku mbili umati ulichoma maduka yote manne. Kasian, mumewe Hildegarda, alitolewa ndani ya duka la Zombo akiwaka, akafia juu ya mkokoteni njiani.

Na chupa zote zikapondwa siku zile. Zote, isipokuwa hii.

"Mama," Hildegarda alimwambia Coletha, bado yuko magotini, "duka langu la Kisanga uliwahi kuliona?"

"Kisanga nina shamba. Hakuna duka lako."

"Halijawahi kuwepo. Lakini limeandikwa hapa. Karatasi hizi tulizichapisha Morogoro tujiandae kulifungua. Zilifika wiki moja kabla ya harusi ya mwanao. Nikalifungia bunda zima kabatini, stoo ya Kilosa. Sikubandika hata moja, mama! Hata moja! Aliyeijaza chupa hii aliniibia jina."

Coletha hakujua kusoma. Alimnyoshea Ziada panga. "Soma wewe."

Ziada akasoma. Alipofika "Kisanga" alilisoma tena jina hilo.

"Ufunguo wa kabati alikuwa nao nani?" Coletha aliuliza.

"Mimi," Hildegarda alisema. "Na shemeji yangu, Wenceslaus."

Panga likashuka taratibu.

"Huyo shemeji yuko wapi?"

"Yuko Dar es Salaam," Bonifas alidakia, huku Ziada akimfunga mkono kwa khanga. "Mwaka wa pili sasa."

Ziada aliinua uso. "Dar? Juzi gulioni Ulaya nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Kanunua mpira wa kunyonyea mafuta, akaufunga kwenye baiskeli, akashika njia ya lile ghala la pamba la zamani."

"Basi twende polisi kwanza," Bonifas alisema.

"Nilikaa mahabusu miezi minane nikisubiri mtu aniulize hata swali moja," Hildegarda alijibu. "Washa gari."

* * *

Ghala la pamba liko nje kidogo ya Ulaya. Ushirika ulipokufa lilibaki na popo na kutu. Walipofika jua lilikuwa utosini, na harufu iliwapokea kabla ya mlango: ile ile ya mlango uliopakwa rangi.

Coletha aliufungua kwa teke.

Wenceslaus alikuwa amechuchumaa kando ya pipa la bluu, mpira mdomoni, ananyonya spiriti na kuimimina kwenye ndoo ya maji mekundu. Vibarua wawili waliokuwa wanaziba chupa walipoliona panga walitorokea dirishani bila kuaga.

"Shemeji," Hildegarda alisema.

Wenceslaus aliutema mpira. Aliokota nondo.

Pigo la kwanza lilimpata Ziada begani, na mfupa ukalia kama bua kavu. Pigo la pili lilikuwa la kichwa cha Hildegarda. Aliinama, nondo ikalipiga pipa, ghala zima likavuma. Kabla Wenceslaus hajaiinua tena, Hildegarda alichomoa chupa kwenye kreti, akaishika shingo, akampasulia usoni.

Akachomoa ya pili. Akachomoa ya tatu. Kila chupa ilipopasuka alisikia mtu anapiga kelele, "Kasian! Kasian!" na hakujua kwamba sauti ile ilikuwa yake.

Wenceslaus alianguka kwa magoti. Jicho moja lilikuwa limefumba, meno yake mawili yako sakafuni.

"Shemeji, basi! Basi, nakuomba kwa jina la kaka!"

"Usimtaje!"

"Mimi kazi yangu kujaza na kubandika tu. Mwenye kazi si mimi. Nilitaka kuacha tangu siku waliyomchoma kaka. Akaniambia nikiacha atani—"

"Nani? Nani alikwambia?"

Wenceslaus aliinua mkono anyooshe kidole.

Kidole hakikunyooka. Spana ya magurudumu ilimshukia utosini. Ikashuka tena akiwa ameshalala. Ikashuka mara ya tatu, na hapo haikuwa na haja tena.

Bonifas alisimama juu ya maiti, anahema, khanga ya mkononi imelowa tepetepe.

"Alitaka kukuua, Mama."

Hildegarda alitazama damu iliyokuwa inatafuta njia kati ya vigae vya chupa.

"Alikuwa amepiga magoti, Bonifas."

"Mama, mtu kama huyu haaminiki."

"Alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anataja jina." Alinyanyua macho polepole. "Asubuhi panga lilikuwa shingoni mwangu. Anayekuja kumwokoa mtu na panga hukamata panga. Wewe ulipiga chupa."

Bonifas alifuta spana kwenye suruali.

"Na ilipogoma kuvunjika, ukainua buti."

Pipa lilikuwa linadondosha matone. Coletha, mlangoni, alibadilisha namna alivyoshika mpini.

Bonifas alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Unakumbuka masika ya mwaka tisini? Mto umejaa, gari limezama. Nilivusha makreti yako kichwani moja moja, maji kifuani, mpaka miguu ikawa haina ngozi. Ulisimama ng'ambo ukalia. Ukasema, 'Bonifas, duka la Mikumi ni la kwako.' Ukasema hivyo, hukusema?"

Maneno yale yalimwingia Hildegarda kuliko nondo, kwa sababu yalikuwa kweli.

"Nilisema."

"Kisha ukampa Ziada. Kwa sababu Ziada kasoma. Mimi ukaninunulia buti."

"Kwa hiyo ukaua watu sita?"

"Sikutaka wafe!" alifoka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Nilitaka waumwe matumbo. Wakukimbie, waje kununua kwangu nikifungua duka langu. Nani alijua ile spiriti inaua?"

"Na leo? Leo unajua. Mbona unajaza tena?"

Bonifas alisogea hatua moja. Aliinua spana.

Pigo lilimpata Hildegarda mbavuni, pumzi zote zikamtoka. Bonifas alimdaka nywele kwa mkono mzima, akamburuta, akamzamisha kichwa ndani ya pipa. Spiriti ilimuingia puani, machoni, kooni. Alipiga mateke. Aliparura. Dunia ikawa moto wa bluu, na ndani ya moto ule alimwona Kasian anatoka dukani Zombo, mikono mbele, akimtafuta.

Panga la Coletha likashuka.

Halikushuka shingoni. Lilimkata Bonifas nyuma ya goti, mara moja tu, kama anayekata muwa. Mtu mzima akaanguka kama gunia la chumvi, mguu umekunjikia upande ambao miguu haikunjiki. Ukelele wake uliwatoa popo wote darini.

Coletha alimkanyaga kifuani, akainua panga kwa mikono miwili.

"Hili la sasa ni la Jovin."

"Ngoja!" Hildegarda alikuwa anatapika, anajifuta macho kwa upindo wa gauni. "Ngoja, mama, tazama pale ukutani!"

Ukutani kulikuwa na vumbi tupu. Na juu ya vumbi, alama za mraba, safu kwa safu, mbichi, za makreti yaliyokuwa pale muda si mrefu.

"Chupa zimekwenda wapi?" Hildegarda aliuliza.

Bonifas alifumba macho. Coletha aliingiza ncha ya panga kwenye jeraha, akaizungusha kidogo, bila hasira, kama anayefungua kopo.

"Zombo!" Bonifas alilia. "Zombo! Kuna sherehe ya kipaimara! Trekta limeondoka asubuhi!"

"Watafungua saa ngapi?"

"Misa ikiisha tu... watakuwa wameshafungua."

Coletha alisimama na panga lake juu. Alimtazama mtu aliyemtafuta miaka mitatu, yuko chini ya mguu wake. Halafu alimtemea mate usoni, akageuka kuelekea mlangoni.

"Nendeni," alisema Ziada. Alikuwa amekaa kizingitini, bega limening'inia, nondo ya Wenceslaus ameishika kwa mkono wa kushoto. "Huyu hatoki hapa. Na akitambaa, atanipita mimi."

* * *

Hildegarda hakuwa ameendesha gari tangu Kasian afe. Siku hiyo aliendesha. Pikapu iliruka madaraja ya magogo, ikaparuza kichuguu, ikapita katikati ya kundi la ng'ombe huku Coletha akiwafokea wachungaji kwa kilugha chao, nao wakatii.

Zombo ilikuwa imejaa. Turubai kubwa, spika mbili, mabinti wa kipaimara wenye magauni meupe. Kila meza ilikuwa na chupa, na kila chupa ilikuwa na karatasi ya ZABIBU STOO.

"Msinywe!" Hildegarda alipiga kelele kabla gari halijasimama. "Msinywe! Ni sumu!"

Muziki ukazimwa. Wakamtazama: mwanamke mwenye damu shingoni, macho mekundu, gauni linanuka spiriti. Kisha mmoja akamtambua.

"Mama Sumu! Mama Sumu amerudi!"

Jiwe la kwanza lilimpata kwenye paji la uso. La pili begani. Lakini aliendelea kutembea, na alipofika meza kuu aliikumba kwa mikono yote miwili, chupa zikapasukia miguuni mwa wageni. Wanaume wanne walimwangusha chini. Mmoja wao, bwana mnene aitwaye Ulimboka, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alishika jiwe kubwa la kusagia.

"Ulituua Ulaya. Tukakusamehe ukaishi. Leo umetufuata na huku?"

"Mwacheni!"

Sauti ilitoka kwenye spika. Coletha alikuwa amechukua kipaza sauti.

"Mimi ni mama yake Jovin. Mnanijua. Wengine mlinisaidia kuchimba kaburi. Leo asubuhi nilikwenda Mikumi kumchinja mwanamke huyu. Kama mimi nimeshusha panga, nyinyi mnashikia nini mawe? Aliyeua yuko ghalani Ulaya. Na mvinyo huo mezani ni ule ule."

Sista Magreti wa zahanati aliokota kipande cha chupa, akanusa, uso ukamsawajika.

"Nani amekunywa?"

Mkono mmoja ukainuka. Mikono mitano. Kisha ikawa msitu. Mkono wa mke wa Ulimboka nao ulikuwa juu.

"Sikilizeni," Sista alisema haraka. "Hospitali ni Kilosa, na gari ni moja. Sumu hii hugeukia ndani ya mwili, haiui saa hiyo hiyo. Inayoizuia isigeuke ni pombe safi. Kali ingefaa zaidi, lakini yoyote iliyo safi itatusogeza mpaka kwa daktari. Nani ana pombe safi?"

Watu wakatazama chupa za mezani.

"Mimi ninayo," Hildegarda alisema kutoka chini.

Wakacheka, kicheko kibaya cha watu wenye hofu. Lakini alijinyanyua, akachechemea hadi kwenye pikapu, akafunua turubai. Makreti kumi ya mvinyo wa Dodoma, sehemu ya mzigo wa ufunguzi, yalikuwa hayajateremshwa. Sista alikuwa ameshakimbilia zahanati kutafuta dripu. Hildegarda alichomoa chupa moja, akamnyooshea Ulimboka.

Chupa ile ile. Jina lile lile.

Ulimboka alitazama chupa. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameanza kujishika kichwa.

"Ukinidanganya," alisema taratibu, "nitakutafuna mbichi."

"Mpe anywe."

Jiwe likadondoka. Ulimboka aling'oa kizibo kwa meno, akamshika mkewe kisogo kama anavyoshikwa mtoto, akamwinamishia chupa. Wengine nao wakayavamia makreti. Mikono ikagombania. Vizibo vikaanza kulia huku na huku.

Hildegarda aliegemea pikapu. Miaka mitatu hakuna mtu wa Zombo aliyetia mdomoni kitu kilichotoka mikononi mwake. Machozi yalianza kumlenga.

Ndipo alipokumbuka.

Makreti haya yalifika jana stesheni ya Kilosa kwa treni. Nani alikwenda kuyachukua? Bonifas. Nani alilala nayo mpaka asubuhi? Bonifas. Peke yake.

Alimpokonya mtu wa karibu chupa, akaipeleka puani. Akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena. Hakusikia kitu. Pua yake ilikuwa imeungulia ndani ya pipa la bluu. Hata kama chupa ile ingejaa mafuta ya taa asingejua.

"Ngojeni," alisema, lakini katika kelele ile hakuna aliyemsikia.

Mke wa Ulimboka alikuwa ameshameza mara tatu.